Diski Namba Saba

Tangu asubuhi fundi wa seva alikuwa hakaliki. Alikaa, akasimama, akalizunguka kabati la mashine, akarudi kwenye skrini kuhakikisha jambo alilokwisha kulihakikisha dakika tano nyuma. Wenzake pale hospitalini walimwita Sisimizi, na siku hiyo jina lilimkaa barabara.

Kazi yenyewe ilikuwa kuongeza seva mwenyeji ya tatu. Mbili za zamani zilibeba mifumo yote ya hospitali, seva pepe ishirini na ushee zinazoendeshwa ndani yake kama programu tu, na zilikuwa zimeelemewa hadi feni zinavuma kama nyuki. Hii mpya ilipaswa kwanza kushiriki nazo hifadhi moja ya data, ndipo ipokee sehemu ya mzigo. Alipewa mpaka saa sita mchana.

Alichomeka nyaya, akaiandikia anwani, akaipa ruhusa ya kuziona diski za hifadhi. Zikajitokeza moja moja. Ile kubwa kuliko zote, yenye picha za eksirei za miaka tisa, ikaja na ujumbe: diski haitambuliki, je, iandaliwe upya?

"Bonyeza ndiyo, twende," alisema mkuu wa kitengo nyuma yake, akichezesha funguo mfukoni. "Seva mpya lazima iandae."

"Seva ndiyo mpya, mkuu. Diski si mpya. Kuandaa upya ni kufuta."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika, na hapo ndipo palipomchoma. Aliondoa mkono kwenye kipanya kama aliyegusa kaa la moto.

Aliyeijua hifadhi ile nje ndani alikuwa mtu mmoja tu: shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Ndiye aliyeipanga kabla hajaondolewa kazini, na kiti chake ndicho alichokalia Sisimizi. Miaka miwili walikuwa hawasemezani. Kwenye shughuli za ukoo, huyu akiingia mlango huu, yule anatokea ule.

Alitoka koridoni akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Bado." Akamweleza mambo yote kwa pumzi moja.

"Umebonyeza chochote?"

"Sijagusa."

"Afadhali. Zile mbili za zamani zinaiona diski hiyo kwa namba gani?"

Alirudi ndani mbio, simu sikioni. "Saba."

"Na hii mpya?"

"Kumi na mbili. Mfumo umejipangia wenyewe."

"Ndiyo hiyo. Diski inajijua kuwa ni saba. Ikija kwa namba nyingine, seva inadhani ni nakala isiyo na mwenyewe. Iondoe kwenye hiyo mpya peke yake, irudishe kwa namba saba, kisha iambie seva isome upya. Zile mbili usiziguse."

Alifanya hivyo, midomo ikimcheza kwa kuhesabu hatua. Mkuu aliacha kuchezesha funguo. Skrini ikazungusha duara lake, ikazungusha, ikazungusha. Kisha diski ikatokea, na jina lake, na picha zote ndani yake.

"Imekuja, shemeji."

Shemeji alishusha pumzi ndefu. "Nilitaka kuyaandika hayo yote. Walinipa nusu saa nikusanye vitu vyangu."

"Mimi sikukiomba kiti chako. Nilikikuta kitupu."

"Najua. Dada yako kanieleza mara mia. Masikio yangu ndiyo yalikuwa na nta. Njoo Jumapili na daftari."

Saa sita kasoro robo mzigo ulianza kuhamia seva mpya. Mkuu akamtaka akanywe chai. Badala yake Sisimizi alishuka hadi chumba cha eksirei, akamwomba mhudumu afungue picha yoyote ya zamani. Zikatokea mbavu za mtu asiyemjua, nyeupe na safi.

"Nyingine," alisema. "Ya zamani zaidi."

Katika picha ya nne mhudumu akamgeukia. "Dada, unatafuta nini hasa?"

"Nilikuwa napita tu," alijibu, akapanda ngazi mbili mbili kwenda kuangalia tena.