Fimbo ya Njia ya Coomalong

Jumamosi moja alasiri Lindsay Pohlner, kinyozi mstaafu wa mji wa Wirrabin, alikaa mezani jikoni akisugua fimbo ya shaba ya reli kwa soksi kuukuu. Birika lilikuwa limeanza kulia. Nje, kasuku wa rangi ya waridi waligombania ngano iliyomwagwa na malori. Alipofikia herufi zilizochongwa kwenye shaba, WIRRABIN–COOMALONG, na chini yake jina la shirika la reli, treni iliingia uani ikasimama kati ya kamba za nguo na tangi la maji ya mvua.

Reli zilikuwa zimeng'olewa zamani, serikali ilipoifunga njia hiyo, zikauzwa kama vyuma chakavu. Treni haikuonyesha kuzihitaji. Haikulaza hata jani la kitunguu. Jirani wa Lindsay, Gwenda, alichomoza kichwa juu ya uzio.

"Lindsay! Masizi ya treni yako yananiharibia mashuka!"

"Si yangu, Gwenda."

"Ala! Na imesimama uani kwa nani, kwangu?"

Dereva alishuka, akajipangusa mikono kwa kitambaa, akabisha mlango wa nyuma. Alikuwa mtu mwembamba mwenye adabu, jina lake Keogh.

"Samahani kwa usumbufu, mzee," alisema. "Nimeambiwa fimbo iko kwako."

Njia ya kwenda Coomalong ilikuwa moja tu, na fimbo yake ilikuwa moja. Dereva asiyekuwa nayo mkononi hakuruhusiwa kuingia, ili treni mbili zisije zikakutana uso kwa uso. Ndiyo iliyokuwa sheria, na Keogh hakuwa mtu wa kuvunja sheria kwa sababu tu njia yenyewe haipo.

"Nimeinunua," alisema Lindsay. "Kwenye mnada wa wakusanyaji wa vitu vya kale."

"Sibishi. Ila bila hiyo siwezi kwenda Coomalong."

Lindsay alimwambia atafikiria. Keogh alishukuru, akarudi kwenye injini yake kungoja.

Aliyemuuzia fimbo hiyo alikuwa mtu wa makamo mwenye gari lililojaa taa, saa na kofia za reli. Lindsay hakumuuliza alikozipata. Kwa wakusanyaji, kuuliza kitu kimetoka wapi ni kukosa adabu, sawa na kumuuliza mtu mshahara wake. Mtu anasema "wenyewe walikitupa", mwenzake anatikisa kichwa kwa huruma, wanapeana mikono. Banda la Lindsay lilikuwa limejaa vitu vilivyotupwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakivitupa.

Treni ilitoweka usiku, ikarudi kila jioni. Abiria walishuka kunyoosha miguu: wakata manyoya ya kondoo wawili, na mama mwenye mtoto aliyelala. Wote walikuwa na tiketi za Coomalong. Hawakulalamika. Waliomba maji, wakamsifia Lindsay nyanya zake, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama wangemtukana. Roho ilimsuta. Alikuwa karibu kabisa kuitoa fimbo, hata aliwahi kuifunga kwenye gazeti na kuiweka mlangoni.

Kisha mkewe, Elva, aliyekuwa amelazwa, akafa hospitalini, na jioni baada ya mazishi mwenyewe alishuka kutoka behewa la pili akiwa na mkoba wake mweusi na tiketi ya Coomalong.

"Hujafua hayo mapazia," alisema.

Lindsay aliifungua fimbo kutoka kwenye gazeti na kuirudisha juu ya kabati.

Tangu hapo walikunywa chai pamoja uani kila jioni, na keki ya matunda aliyoileta Gwenda kwa ajili ya matanga na akaendelea kuileta. Elva alimtania kwa upara wake na kwa jinsi alivyopika mayai. Lakini hakukaa akatulia. Dada yake Enid, aliyefariki kabla yake, alikuwa ametangulia Coomalong, na walikuwa wameachana vibaya, kwa ugomvi wa kabati la mama yao. Enid alilitaka, Elva alilichukua. Ndilo hilo lililowekwa fimbo juu yake.

"Nina neno moja tu la kumwambia," Elva alisema. "Hivi Keogh anangoja nini, mume wangu?"

"Mambo ya reli," alijibu Lindsay. "Unayajua mambo ya reli."

Miaka ilikwenda hivyo. Wakata manyoya walimaliza hadithi zao wakazirudia. Mama alimbembeleza mtoto ambaye hakukua. Lindsay alizoea kuwapita akiwa na sinia bila kuwatazama machoni, na kila usiku alikwenda kulala amechoka kama aliyeisukuma treni ile mwenyewe.

Hatimaye akaja mwanamke kutoka ofisi ya urithi wa kihistoria ya jijini, Harriet Tran, kijana mpole mwenye glavu nyeupe na sanduku refu lenye sponji ndani.

"Mzee Lindsay, hakuna anayekuita mwizi," alisema. "Ila reli haikuwahi kuuza fimbo hata moja. Huyo aliyekuuzia hakuwa na chochote cha kuuza. Tunaomba mali ya umma irudi."

"Mtaifanyia nini?"

"Itahifadhiwa. Droo yenye hewa ya kiasi, bila mwanga."

Lindsay alionyesha dirishani. Treni ilikuwa ndiyo kwanza inasimama. "Na hao?"

Harriet aliitazama, akahesabu mabehewa kwa macho. "Barua ya kazi niliyopewa inahusu fimbo peke yake."

"Dereva anaihitaji kazini."

"Vitu vya hifadhi havirudi kazini, mzee. Vingeharibika."

Keogh alikuwa amefika mlangoni. Alisikia, akavua kofia, akanyoosha mkono kama alivyounyoosha kila jioni. Harriet naye alifungua sanduku. Lindsay alisimama katikati na fimbo mikononi. Uani Elva alikuwa akikung'uta makombo ya keki kwenye sketi, na kusema kweli Lindsay alimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi yao. Alijua kwamba akiiweka fimbo katika mkono wa Keogh, kikombe cha chai cha jioni ile kitakuwa chao cha mwisho. Akiiweka sandukuni atakuwa ametii sheria, na hakuna mtu duniani atakayeweza kumlaumu.

Aliiweka sandukuni. Harriet alimshukuru kwa moyo wake wa kizalendo. Keogh alivaa kofia.

Siku hizi treni inasimama jijini, nyuma ya ghala la ofisi ya urithi, kati ya mapipa ya taka na maegesho ya wafanyakazi. Keogh huenda dirishani kuiomba fimbo, na karani humweleza kwa upole kwamba maombi yake yamepokelewa. Wakata manyoya huketi ukingoni mwa barabara ya lami. Wafanyakazi huzunguka injini wanapotoa magari yao, na mmoja alipeleka malalamiko kuhusu masizi.

Alhamisi Lindsay hupanda basi kwenda huko na chupa ya chai. Mlinzi humwandika kama mgeni. Hakuna pa kukaa, kwa hiyo yeye na Elva hukaa kwenye ngazi ya behewa, magoti yakigusana.

Alhamisi iliyopita Elva alikiweka chini kikombe kitupu.

"Keogh ameniambia," alisema. "Siku ile alikunyooshea mkono. Kwa nini hukumpa?"

"Haikuwa mali yangu, Elva. Ningegawaje kitu kisicho changu?"

"Miaka yote uliyokaa nayo ilikuwa yako. Ulipotakiwa kuitoa ndipo ikawa si yako."

Lindsay alimuuliza kama aongeze chai. Elva alisema nusu kikombe inatosha, akainywa, akasema imekolea vizuri. Kisha mlinzi akagonga funguo kwenye lango kuonyesha kwamba wanafunga. Elva alimtengeneza mumewe kola, akapanda, akaketi dirishani, uso ameuelekeza Coomalong.