Ntirandekura Anasema

Ladislas alikuwa anapalilia maharage nyuma ya nyumba, huko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, binti yake Alida alipomletea simu. Alikuwa ameona jina la baba yake kwenye kitabu cha Kiingereza.

"Papa, ni wewe huyu?"

Alikuwa yeye. Kabla ya kukimbia Bujumbura mwaka 2015, Ladislas alifundisha isimu chuoni, na aliandika kwa Kifaransa makala kuhusu jinsi sauti inavyopanda na kushuka katika vitenzi vya Kirundi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, hivyo Alida akamfasiria. Ntirandekura anasema. Ntirandekura anaonyesha. Hakuna Ladislas, hakuna bwana. Jina tupu na kitenzi cha wakati uliopo, kana kwamba mwenyewe yupo anaongea. Mahali pengine walikuwa wameligeuza kuwa sifa: lugha hii ni ya Ki-Ntirandekura, ile siyo.

Jina hilo alipewa na bibi yake, aliyekuwa amezika wajukuu watatu. Maana yake ni kwamba kifo hakiniachii. Kitabu hakikusema hivyo popote.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba makala ile ilikuwa na kosa. Jirani yake Annonciata na wanawake wengine wa Makamba, kusini mwa Burundi, waliibakiza sauti juu pale alipoandika kwamba lazima ishuke. Kwa miaka mingi alikuwa anawasikiliza na kuandika, akajaza madaftari matatu.

Akayafunga kwenye mfuko wa plastiki, akaenda mjini Mbarara kumtafuta Mastula, mwalimu wa isimu chuoni aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke na kujua Kiswahili cha huko.

Mastula alisoma asubuhi nzima. "Mzee, mimi nafundisha huyu Ntirandekura kila mwaka," alisema. "Nilijua alikufa."

"Sikufa. Nataka kusahihisha."

Mastula akaomba kitambulisho. Kadi ya ukimbizi ilisema Ntilandekula, kama karani alivyosikia siku ya kuandikishwa. Ladislas alikwisha kwenda mara mbili kuomba ibadilishwe. Alidaiwa cheti cha kuzaliwa, na cheti kilibaki Bujumbura pamoja na diploma zake.

"Mimi nakuamini," Mastula alisema bila kumtazama. "Lakini ofisi yetu haitumi kitu kama jina halifanani na kadi."

Basi wakaandika pamoja, yeye kwa Kifaransa, Mastula akitia Kiingereza, wakapeleka kwa jarida moja la Ulaya kwa jina la kadi. Miezi mitano Ladislas alisubiri. Alinyoa ndevu. Alimwambia mkewe, Libérate, kwamba huenda chuoni Mbarara wakampa hata vipindi viwili vya kufundisha.

Jibu lilipofika, Mastula alipiga simu, akasoma polepole.

"Wanasema hivi: mwandishi anaonekana hamjui Ntirandekura. Ntirandekura anaonyesha wazi kwamba sauti inashuka. Amsome kwanza."

"Soma tena."

Akasoma tena. Alisema atawaandikia, atawaeleza, ila Ladislas alisikia kwamba sauti yake imechoka.

"Asante, mwalimu," akasema. "Wewe umefanya kazi yako."

Libérate alimkuta ameketi kitandani na viatu vyenye udongo. "Baba Alida, wamesemaje?"

"Wamesema Ntirandekura amekataa."

Mkewe alingoja acheke. Hakucheka.

Jumapili, baada ya misa, Annonciata alikuja akiwa amechangamka. Alikuwa amekumbuka namna mama yake alivyokuwa anawaita watoto kutoka shambani, neno ambalo hajalisikia tangu utotoni. Akalitamka mara mbili, taratibu, ili Ladislas aandike.

Ladislas alilisikia vizuri. Sauti ilibaki juu mpaka mwisho.

"Nimechoka, mama," alimwambia.

Annonciata alisimama kidogo pale mlangoni, kisha akaaga na kwenda. Hakuja tena kwa ajili ya maneno.