Mjapani wa Ukutani

Mwalimu wa kujitolea kutoka Japani alipomaliza muda wake kijijini Maguu, alimwachia mpishi wake, Scholastica, picha ya mwanamke. Ilichapwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa: uso mweupe, mdomo mdogo, vipini vya nywele vimechomoza pande zote za kichwa kama miale. Scholastica hakuuliza. Mwenye miale kichwani ni mtakatifu. Akamtundika karibu na Bikira Maria, na akina mama wa jumuiya wakawa wanamwomba awaombee kahawa isiugue.

Kisha binti yake Lidia akarudi kutoka Mbamba Bay, kando ya ziwa, alikokuwa akihudumu baa. Amekonda, anakohoa. Alipoiona picha alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, huyu ndiye mnamwashia mishumaa?"

"Cheka taratibu. Huyo ni mtakatifu."

"Mtakatifu wapi! Malaya wa zamani huyu. Mgeni mmoja Mjapani alinionyesha wengi kwenye simu. Waliuzwa na wazazi wao wakingali watoto. Ona, mshipi umefungwa mbele. Ndiyo alama yao." Kicheko kikakatika. "Hata mimi mshipi wangu ungefungwa mbele."

Scholastica akaishusha picha palepale, akaisukuma uvunguni. Jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwake jioni hiyo.

"Na mimi utaniweka wapi?"

"Kaa chumba cha nyuma. Wakisali, usikohoe."

"Sawa, mama."

Walisali, wakaimba, wakanywa chai. Mama Mansuetus akaulizia Mjapani wao. Scholastica akasema kioo cha picha kimepasuka. Walipoondoka alipeleka uji chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

Simu ya Lidia haikupatikana tena. Kabla kahawa haijaisha kuvunwa, aliletwa kutoka ziwani ndani ya jeneza.

Jumuiya ilipokuja kusali matangani, picha ilikuwa imerudi ukutani.

"Afadhali umemrudisha," Mama Mansuetus akasema, akijifuta machozi. "Tumwombe amwombee marehemu. Hivi anaitwa nani, mtakatifu huyu?"

"Si mtakatifu. Alikuwa malaya. Aliuzwa akiwa mdogo." Scholastica hakushusha sauti. "Ni mtoto wa mtu. Mwombeeni na yeye."

Wanawake wakatazamana. Scholastica akaenda kufungua mlango wa chumba cha nyuma, akauegemezea jiwe usijifunge, ndipo akapiga magoti.