Meza ya Kwenye Soketi

Newala maji hayachezewi. Ndiyo maana dumu moja la maji aliloleta kila asubuhi lilimtosha Mama Yunusi kupata meza ya kwenye soketi katika mgahawa wa Anjelina, akafungua kompyuta yake na kutafsiri kutwa nzima.

Leo mteja mpya wa Nairobi alikuwa akimhoji kwa video, mara Yunusi akaangua kilio mgongoni. Anjelina akamnyakua mtoto, akamimina dumu zima kwenye beseni, akamtumbukiza. Kilio kikageuka kicheko. Wateja wakayatazama maji ya chai yao yakirushwa huku na huku, asigune hata mmoja.

"Nimepata! Kazi ya mwaka mzima!" Mama Yunusi akaruka kitini.

Vigelegele vikasikika mpaka barabarani.

"Hongera, Mama Yunusi," Anjelina akasema, kanga ikimchuruzika maji. "Kesho ulete madumu mawili."