Karatasi ya Mpiga Besi

Nilipoinamisha macho kwenye stendi ya karatasi za muziki, nota hazikuwepo.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa madirisha ya juu ya ukumbi, limelala sakafuni kama shuka lililoanguka. Besi, fidla ndefu kunizidi, nilikuwa nimeikumbatia. Pembeni yangu fidla mbili na ndugu zake wakubwa, viola na selo, zilishaanza, sauti nyembamba ikipanda taratibu kama mvuke wa birika. Na mbele yangu, badala ya ile mistari mitano na vidoa vyake, kulikuwa na maneno matupu, yameandikwa kwa penseli: “Subiri. Fidla ya kwanza ikishuka ngazi, shuka nayo.”

Kumbe nimejulikana.

Miaka kumi na moja imepita. Wakati ule nilikuwa fundi wa kuvisha makochi, na jioni za Ijumaa nikipiga jazi kwenye hoteli moja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mpiga selo, msomi wa muziki, mtu wa kufika kabla ya saa. Siku hiyo aliingia kwetu, na kabla hajatua mkoba akasema kuna mtunzi wa muziki anayetaka kuwaweka pamoja watu wanne wa nyuzi na wawili wa jazi, saksafoni na besi, na yeye ameshanitaja.

“Lakini shemeji, nota unasoma?”

“Kama gazeti.”

Mke wangu akapaliwa na chai. Mgeni alipoondoka akaniambia, “Gazeti lenyewe huwa unaangalia picha.”

Sikudanganya kwa kujigamba. Katika familia ile mimi nilikuwa mkwe wa makochi. Besi ilikuwa kitu changu cha pembeni, kama mtu anavyofuga njiwa. Mara moja tu maishani nilitaka waniite kwa kile nilichokipenda.

Mtunzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, penseli imechomekwa kwenye nywele. Tulimwita Mama Penseli, na alikuwa akiitika. Siku ya kwanza alikaa kwenye piano akapiga sehemu ya kila mmoja wetu ili tuzisikie. Mimi nikawasha simu mfukoni, nikarekodi. Wiki tatu nzima nilipigilia misumari ya makochi kwa mapigo ya muziki wake, na wateja wakadhani nina furaha. Kwenye mazoezi, shemeji akifungua ukurasa, nami nafungua. Tatizo ni kwamba ilinibidi kwanza nisikie wenzangu wamefika wapi ndipo niingie, hivyo kila mara nilikuja nyuma kidogo.

“Unachelewa, shemeji,” akaninong'oneza siku moja.

“Nasoma kwa makini.”

Siku ya tamasha Mama Penseli akakusanya karatasi zetu, akadai kuna marekebisho machache, akaturudishia dakika kumi kabla ya kuingia. Yangu sikuifungua. Ningeifungulia nini?

Basi nilisimama pale, watu mia mbili kimya, fidla ya kwanza ikashuka ngazi. Nikashuka nayo.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Ilikuwa kama kutembezwa usingizini ndani ya nyumba kubwa na mtu anayejua milango yake yote. “Hapa saksafoni atakutania, usimjibu.” Kweli saksafoni ikacheka, mimi nikakaza uso. “Mfuate shemeji yako hadi mlangoni, mwache aingie peke yake.” Nikamfuata, selo ikaingia mahali penye giza laini, nami nikabaki nje nikiisikiliza ikizungukazunguka mle ndani. Vidole vyangu havikuwa vyangu tena. Jua lilikuwa limehama sakafuni, limepanda magotini pa watu wa mstari wa mbele, na sikumbuki lilihama lini.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja: “Hapa ni pako. Tutakusubiri.”

Nikageuka. Shemeji alikuwa amelaza upinde mapajani. Wote walikuwa wameshusha vyombo. Nikapiga uzi mzito, nikauacha uishe wenyewe. Nikapiga mwingine. Katikati mkono ukasita, nikauacha usite. Ukumbi mzima ukavuta pumzi na kuishikilia. Kisha nikaendelea, mpaka fidla zikaja kunichukua.

Makofi yalipokwisha, nyuma ya jukwaa, shemeji akaichukua ile karatasi kabla sijaikunja. Akasoma kurasa zote, amesimama.

“Kwa hiyo ulinidanganya.”

“Nilikudanganya, shemeji.”

“Mimi ndiye niliyekutaja. Ungeniaibisha mbele za watu.”

“Najua. Nisamehe.”

Alifunga selo yake kwenye mfuko polepole, kama anayemvika mtoto sweta. Tulipofika kwenye gari ndipo akasema, akitazama pembeni, “Nimeanza kupiga nikiwa na miaka saba. Hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo.”

Nilimfungulia mlango tu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Mama Penseli kuomba radhi. Alinikaribisha sebuleni, kwenye kochi ambalo lilinitia aibu kwa niaba ya fundi wake.

“Mama, umejua tangu lini?”

“Tangu mazoezi ya kwanza. Nilikupa karatasi ya viola kwa makosa. Ukapiga besi bila kukosea.”

Tukacheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema anataka kuandika kile nilichopiga peke yangu, kisipotee. Nikamwambia mimi hata sikikumbuki. Yeye alikikumbuka. Alikiimba kwa sauti ya chini, mkono ukitembea, na mimi nikasimama nyuma ya bega lake nikiyatazama mambo yangu yakiota kwenye karatasi, kidoa baada ya kidoa. Mahali fulani akaacha kuimba, akachora kitu cheusi kidogo, kama kofia iliyowekwa juu ya rafu.

“Hicho nini?”

“Hapo uliponyamaza.”

Nilidhani ananitania. “Hata kunyamaza kunaandikwa?”

“Kunaandikwa.”

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake.

“Na hiki kinachofuata?” nikauliza.