Kabari ya Mguu wa Kitanda

Gari la kaka yangu halingurumi kama magari mengine ya mbio. Linazomea. Ukikanyaga mafuta, supachaja, ile pampu inayoisindilia injini hewa nyingi kuliko ilivyoomba, hutoa mluzi mwembamba unaopanda na kupanda mpaka wenye magari ya fahari wageuze shingo. Wakigeuka wanaona nini? Sedani ya familia yenye rangi ya chai iliyopoa, ambayo jana yake ilibeba majora ya vitambaa ya mkewe, shemeji yangu, na uzi wa cherehani bado umenasa mlangoni.

Kaka ni mwalimu wa udereva. Wiki nzima hukaa upande wa abiria katika kigari kilichochoka, akiwabembeleza watu wazima wanaotokwa jasho waamini kwamba klachi si adui. Jumamosi uwanja wa mbio unapofunguliwa kwa magari ya mitaani, huenda kulipiza kisasi.

Kazi yangu huko ni kumbebea helmeti, kumchokoza, na kuweka kabari. Hiyo ya tatu ndiyo kazi ya maana. Gari linapotoka kwenye mizunguko, breki zimeiva kama mkaa. Ukivuta breki ya mkono wakati huo, pedi hugandana na diski, na gari haliendi kokote mpaka mtu alale chini yake na nyundo. Kwa hiyo huvuti. Unaweka kabari gurudumuni. Ya kwetu kaka aliichonga kutoka mguu wa kitanda chake cha ujana, akisema kitanda kile hakikuwa na kumbukumbu nyingine ya kujivunia. Wageni husahau, wakavuta. Na kaka, mtu mpole kwa wanafunzi wake, huwasimamia pale akitikisa kichwa: “Umeipika, bwana. Sasa subiri iive.”

Asubuhi ya Jumamosi moja shemeji alinizuia mlangoni. Alitoa pini mdomoni moja moja, na kwa kawaida hazitoi hata akitukana. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kaka alimpigia simu juzi akiwa njiani kwenda kazini, akiuliza apite kushoto au kulia, na njia yenyewe ameipita tangu hatujazaliwa mimi na akili zangu. Aliporudi nyumbani akalifanya kichekesho. Miadi ya daktari ameikwepa mara kadhaa.

“Wewe ndiye unayekaa naye garini,” akasema. “Ukiona kitu, uniambie. Na usinifanyie mzaha, shemeji.”

Nikamjibu kwamba ubongo wa ukoo wetu nilipewa mimi, kaka alipewa miguu tu. Hakucheka. Alizirudisha pini mdomoni.

Basi nilikaa kiti cha abiria nikimchunguza kaka kama askari wa forodha. Sikupata kitu. Mikono yake ilijua kila kona kabla haijafika. Mguu ulibonyeza breki pale pale, ukaachia pale pale, mluzi ukapanda, mgongo wangu ukazama kitini. Kona ya tatu, ile inayowatupa wengi mchangani, aliikunja kama shemeji anavyokunja shuka. Nilicheka ndani ya helmeti mpaka kioo kikaingia ukungu. Huyu ndiye mgonjwa? Hata aliporuka mzunguko wa mwisho, ule wa kwenda polepole ili breki zipoe, nikasema anajishaua tu.

Tukaingia mahali petu pa kuegesha. Nikashuka na kabari, nikainama gurudumuni. Ndipo nikasikia meno ya breki ya mkono yakipanda. Krrr. Sauti ya kila jioni nyumbani. Pale uwanjani, kutoka gari lile, sikuwahi kuisikia.

Kaka akavua helmeti, akanitabasamia, akaomba maji. Nilibaki nimechuchumaa na mguu wa kitanda mkononi, harufu ya pedi zikiungua ikinijia usoni.

Zamu yetu ilipoitwa tena, akaishusha breki ya mkono na kuwasha injini. Gari likajikunja nyuma, likalia, lisiende. Jirani yetu, muuza nyama mwenye gari jekundu ambaye kaka alimcheka msimu mzima, alikuwa amelisubiri hilo kwa hamu.

“Mwalimu, umeipika,” akasema. “Sasa subiri iive.”

Wakacheka wote. Kaka akakitazama kile kishikio cha breki. Hakukitazama kama mtu aliyekosea. Alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgeni, akaambiwa huyu ni wewe.

“Nani kavuta hii?” akauliza.

Nimeishi kwa utani tangu niote meno. Nilitafuta mmoja, hata uliochacha. Hakuna.

“Mimi,” nikasema.

Uso wake ukafunguka. Lo, alivyofurahi. Akamwita muuza nyama, akamwita mwenye bendera, akawaeleza jinsi mdogo wake, aliyefundishwa yote tangu utotoni, alivyomwaibisha. Kisha akalala chini na nyundo, akagonga kwa mikono iliyojua hasa pa kugonga, akiniimbia makosa yangu kutoka uvunguni.

Jioni nyumbani, mezani, alimsimulia shemeji yote, pamoja na sura yangu niliposhikwa. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho huku akinitazama mimi.

“Ni wewe uliyevuta?”

“Mimi, shemeji.” Nilitaka kutabasamu, mdomo ukakataa.

Aliinuka, akatungua ufunguo wa gari kwenye msumari kando ya cherehani, akautia ndani ya kopo la vifungo, akakaza kifuniko. Akarudi kukaa. Akamwongezea mumewe mchuzi.

Tukala. Nje gari lilikuwa linapoa, bati lake likilia tik, tik. Kaka akaweka kijiko chini, akafuta midomo, akanigeukia kwa macho ya mtu aliyebana habari tamu mchana kutwa.

“Shemeji yako anajua ulichofanya leo?”

Shemeji akaiinamia sahani yake.

“Bado,” nikasema. “Mwambie.”