Mikutano ya Tata Louis Juu ya Pamba Inayopotea

Mwaka ule wa 1993 Kolwezi nzima ilikuwa inaharibika. Mgodi umelala, reli ya Dilolo imekatwa na vita vya Angola, mshahara umekuwa kama mjomba wa mbali: unamtaja, lakini haji. Tata Louis, direkta wa kiwanda chetu cha koteksi, pedi za wanawake, aliyatazama hayo yote akaona tatizo moja tu. Pamba inapotea.

Na kweli ilikuwa inapotea. Mashine yetu, tuliyoiita Nkambo, yaani babu, kwa sababu ya kikohozi chake cha kizee, ilikuwa inasaga mabunda ya karatasi nyeupe mpaka yawe pamba laini, inaitandaza, inaifunga na kuikata. Ikiwa inatembea, kazi yake ni safi. Ikisimama halafu ukaiwasha tena, lazima iteme kwanza: koteksi moja inatoka imepinda, nyingine nene kama godoro, nyingine nyembamba kama ostia ya padri. Mpaka ikumbuke kazi yake, umejaza magunia. Kwa hiyo kilichotupotezea pamba ni kusimamisha mashine. Na kilichosimamisha mashine kuliko hata kukatika kwa umeme wa bwawa la Nzilo ni mikutano ya Tata Louis juu ya pamba inayopotea.

Tulijua wote. Hata yeye tulimwambia. Akajibu kwamba jambo hilo ni zito, linahitaji mkutano.

Zamani koteksi zilizopinda zilikuwa na kwao. Karibu na mlango kulikuwa na kitunga cha wazazi, zikatiwa humo. Mwanamke wa kiwanda akiwa na mjamzito nyumbani kwake, anakibeba, maana maternite, hospitali ya wazazi, wanakutaka uje na beseni lako, wembe wako na pamba yako. Tata Louis alikiondoa kile kitunga. Pamba yote irudi kwa Nkambo, alisema, isagwe upya. Lakini Nkambo anakubali kidogo tu ya kurudia. Ukimlisha nyingi anakabwa. Basi magunia yakawa yanalala depo, stoo ya kiwanda, na panya wakazaliana humo vizuri sana, bila kulipia maternite.

Mama Mushiya ndiye aliyemwendesha Nkambo. Baba yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai, akachimba shaba mpaka akazikwa hapahapa. Yeye mwenyewe Kasai hajawahi kuiona. Mwaka ule wenyeji walianza kuwafukuza watu wa Kasai, ikaonekana kwamba naye ni mgeni. Nyumba yao ilichukuliwa na jirani, na familia ikawa inalala gare, kwenye stesheni ya treni, juu ya mikeka, pamoja na Bakasai wengine wanaongoja treni ya kuwafukuzia. Kila asubuhi alitoka kule gare akaja kazini, kwa sababu Tata Louis alikuwa hajapata mtu mwingine anayejua kumwasha Nkambo.

Siku moja alikuja kwenye meza ninayokatia, mimi na mwenzangu Odile.

"Numbi, mutoto yangu, Ndaya atazalia pale pa gare," alisema. Ndaya ni binti yake, na tumbo lilikuwa limeshuka. "Ku maternite banatufungia mulango. Banasema bitanda biko ya bana-inchi. Na mi siko na hata kipande ya pamba. Njo mimba yake ya kwanza, na dada yangu damu ilimumaliza ku ya kwanza vile vile."

"Ulishamuomba Tata Louis, mama?"

"Nilimuomba. Alisema roho yake inakubali, lakini kama ananipatia mi, ile pamba imepotea."

Odile akaweka makasi chini. "Na ile yenye panya banakula mu depo, yenyewe haipotee?"

"Ile iko stock," alisema Mama Mushiya, na sura yake haikucheka hata kidogo.

Kuiba hakukuwezekana, sentineli alitupapasa mlangoni mpaka ndani ya nywele. Nikawaza: kama mtu hawezi kutoa pamba, basi pamba itolewe na direkta mwenyewe. Na direkta atoe nini? Kile kinachomwaibisha. Jumamosi alikuwa anangoja delegasyo, wakubwa kutoka Lubumbashi, waje kuona kiwanda kisichopoteza kitu.

Kwenye mkutano uliofuata nikainua mkono.

"Tata Direkta, nauliza. Ile vumbi ya pamba inaingia mu mapua yetu, tunaihesabia kuwa imepotea, ao iko stock?"

Akafikiri. Akavua miwani.

"Swali ya akili. Tutafanya mukutano wa mapua."

Nkambo alisimama kwa ajili ya mkutano wa mapua. Alipowashwa akatema. Odile naye akauliza juu ya pamba inayoshika kwenye bitenge: mkutano wa bitenge. Mimi nikauliza kama kikohozi cha mfanyakazi ni mali ya kampuni. Depo ikajaa, magunia yakatoka kwenye korido, yakasogea taratibu mpaka mlangoni mwa direkta, kama watu wenye shida wanaotaka kumwona.

Ijumaa alisukuma mlango wake, haukufunguka.

"Delegasyo inakuya kesho inikute na hii milima?" alisema kutoka ndani. "Mutoe yote. Leo."

"Tutupe wapi, tata?"

"Mbali."

"Mbali sana iko ku gare. Pale kila kitu kinaenda mbali."

Akasaini karatasi ya kamyo, lori la kiwanda, kupitia dirishani. Tulipomfungulia, akatukusanya, akasoma agizo lililotoka juu: kuanzia kesho wafanyakazi wa Kasai wasirudi. Alilisoma kwa sauti ileile ya mkutano wa mapua. Mama Mushiya akamfuta Nkambo kwa kitambaa, akamzima, akasema, "Mubaki muzuri." Nikampandisha kwenye kamyo, juu ya magunia.

Mlangoni mwa gare vijana wenye fimbo, wale wa kuwafukuza Bakasai, walitusimamisha.

"Mu magunia muko nini?"

"Taka ya kiwanda," nikasema.

Mmoja akamtazama Mama Mushiya, akatazama magunia, akacheka. "Taka inafuata taka. Mupite."

Hakuna aliyetia mkono ndani. Ningesema ni pamba, wangeichukua yote. Nilicheka naye, kwa sauti, ili tupite. Mama Mushiya alitazama mbele.

Ndaya alijifungua kesho yake, nyuma ya bitenge vilivyoshikwa na wanawake. Odile alikuwapo. Mtoto ni msichana. Damu ilitoka nyingi, halafu ikatulia, na zile nene kama godoro ndizo zilizofaa kuliko zote. Zilizobaki wanawake wa gare waligawana.

Saa hiyohiyo delegasyo ilikuwa inatembea kiwandani. Sakafu inang'aa. Korido tupu, depo tupu. Nkambo kimya, amefutwa vizuri.

"Hamupoteze kitu hata kidogo?" aliuliza mkubwa wao.

"Hata kidogo," alisema Tata Louis, na kwa mara ya kwanza alisema kweli. "Njia yetu iko moja: mikutano."

Wakampigia makofi.

Jumatatu Odile alirudi kutoka gare na gunia tupu. Treni haijafika. Kuna mimba nyingine tatu zinakaribia, na pamba imekwisha.

"Mama Mushiya anauliza," akaninong'oneza, "mukutano ingine iko siku gani?"

Nikainua mkono hapohapo. Sikumbuki hata niliuliza nini. Tata Louis alifurahi, akaitisha mkutano, akasema mpaka jua likapanda. Tuliposimama nikakimbia kwa Nkambo, nikabonyeza pale nilipokuwa namwona Mama Mushiya akibonyeza. Alikohoa. Nikabonyeza tena, nikavuta mkono wa chuma, nikaomba. Akalala.

Mkutano ule haukuharibu koteksi hata moja. Tata Louis aliuandika kuwa ushindi.

Odile alilikunja gunia lake, akaliweka kwapani, akaenda gare kwa miguu, kuwaambia hakuna.